Mwalimu Mkuu Akiingia Darasani

Somo hili ni la kusoma pamoja: halmashauri ya shule, walimu, wazazi, na jumuiya ndogo ndogo zinazopenda kuzungumza mambo ya watoto wao. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika penye igizo, watu wawili wasimame waigize. Msiharakishe.



Sisi wazazi wa Migori na Homa Bay tukiulizwa shule nzuri ni ipi, wengi tunaanza na majengo. Shule ina geti, ina darasa jipya lililopakwa rangi, ina tangi la maji. Halafu tunataja matokeo ya mtihani. Ni wachache sana wanaouliza: mwalimu mkuu wa shule hii aliingia lini mara ya mwisho darasani, akakaa nyuma, akasikiliza somo? Hilo ndilo swali tunalotaka kuliangalia. Mabadiliko yaliyoletwa shuleni miaka hii ni mengi mno, na yote yakitoka Nairobi, yakapita kwa afisa wa kaunti na kwa mwalimu mkuu, mwisho yanafika kwenye mlango wa darasa. Hapo yanaingia ndani, au yanabaki nje.

MABADILIKO HAYAKUANZA JANA

Wazee watakumbuka Januari 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza. Tuliambiwa mtoto atatoka shuleni akiwa na ufundi mkononi: useremala, upishi, kushona, kilimo. Wazazi wakachanga pesa, wakauza kuku na mbuzi, wakaanza kujenga karakana. Ukitembea vijijini hata leo unaweza kukuta ukuta wa karakana uliokwama kwenye lenta, mbuzi wamelala ndani. Kwa nini ulikwama? Pesa ziliisha, ndiyo. Lakini hata pale karakana ilipokamilika, mara nyingi vifaa havikuja, na aliyepewa somo hilo hakuwa amefundishwa kulifundisha. Mtoto akajibu maswali ya ufundi kwa penseli kwenye karatasi ya mtihani bila kuwahi kushika msumeno.

Januari 2003 ikaja elimu ya msingi bila malipo. Nchi nzima watoto shuleni waliongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2 katika mwaka huo mmoja. Lilikuwa jambo jema, na watoto wengi wa huku ziwani wasingesoma kamwe bila hilo. Lakini amri ilitoka siku moja, na namna ya kuitekeleza akaachiwa mwalimu mkuu aliyekuwa na madarasa yale yale, madawati yale yale na walimu wale wale.

Sasa tuna mtaala wa umilisi, ambao kila mtu anauita CBC. Ulianza rasmi nchi nzima mwaka 2019 kwa madarasa ya chini. Mwaka 2022 watoto wa Gredi ya 6 wakafanya tathmini yao ya kwanza, na Januari 2023 wakaingia Gredi ya 7 palepale katika shule ya msingi. Mwaka huo huo wa 2023 KCPE ikafanywa kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliyezoea shule ya chekechea hadi darasa la nane alijikuta na shule tatu ndani ya ua mmoja: watoto wadogo, shule ya msingi, na sekondari ya msingi, yaani JSS.

Tukiyapanga mabadiliko haya matatu pamoja tunaona jambo moja. Kila mara tulishughulikia jengo, jina la darasa na karatasi. Mwalimu mwenyewe tulimpeleka semina ya siku chache wakati wa likizo, akarudi, akafunga mlango wa darasa lake, na hakuna aliyekwenda kuona yanaendaje. Hatusemi hivi kumlaumu mtu. Tunasema hivi ndivyo ilivyokuwa.

PALE AMBAPO KULIENDA VIZURI KIDOGO

Kuanzia mwaka 2015 Wizara ya Elimu ilipeleka katika shule zote za msingi za serikali mpango wa kusoma ulioitwa Tusome, kwa msaada wa Marekani. Mpango huo ulimalizika mwaka 2022. Tunautaja kwa sababu tathmini zilizofanywa na watu wa nje zilionyesha watoto wanaoweza kusoma Kiswahili na Kiingereza wameongezeka, tena katika muda mfupi. Mipango mingi huja na fulana na kofia, ikaondoka. Huu ulikuwa na nini?

Ulikuwa na vitabu vya kutosha, kila mtoto chake. Ulikuwa na kitabu cha mwalimu kinachoonyesha somo la kila siku. Lakini jambo la tatu ndilo tunalotaka mliangalie. Wale maafisa tuliowazoea kama TAC tyuta, ambao sasa ni maafisa wa mtaala, walipewa tableti na nauli ya kuzunguka shuleni. Afisa aliingia darasani, akakaa, akaona somo lote, halafu akawaita watoto wachache mmoja mmoja wamsomee. Somo likiisha alikaa na mwalimu wakazungumza: hili limekwenda vizuri, hili ujaribu hivi. Na kwa sababu nauli yake ilitegemea shule alizofika, alifika.

Afisa huyo hakuwa na uwezo wa kumfukuza mwalimu wala kumpandisha cheo. Pengine ndiyo sababu mwalimu alimsikiliza. Walimu wa zamani wanakumbuka inspekta: gari likionekana getini, shule nzima inanyamaza, na mwalimu ambaye andalio lake la somo halijaandikwa anatokea dirishani. Kumbukumbu hiyo bado imo mifupani mwa ualimu. Mwalimu mkuu akiingia darasani na kalamu, mwalimu anaona inspekta, hata kama ni rafiki yake wa miaka mingi.

KARATASI YA TPAD

Mwaka 2016 Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilianzisha nchi nzima upimaji wa kazi unaoitwa TPAD. Mwalimu anajipima mwenyewe, msimamizi wake naye anampima, wanakaa pamoja wanakubaliana alama, zinaingizwa kwenye kompyuta. Walimu wakuu nao wakaanza kutia sahihi mikataba ya utendakazi. Vyama vya walimu vililalamika sana, hasa KNUT, vikisema fomu zinakula muda wa kufundisha. Baadaye TSC ikazifupisha.

Ukiisoma TPAD kwa utulivu, utaona ndani yake mna kitu chema: kila muhula msimamizi aingie darasani aone somo, kisha wazungumze. Ni kile kile cha Tusome. Shida ni kwamba alama zinakwenda TSC, mazungumzo hayaendi popote. Kwa hiyo watu wameshika alama, wakaacha mazungumzo. Mwisho wa muhula utaona walimu wamejazana kwenye saiba ya sokoni, au huko visiwani wanapanda kilimani kutafuta mtandao, kila mmoja akijaza kabla mlango haujafungwa.

Tuigize. Shule hii haipo, lakini mtaitambua.

Igizo la kwanza

(Saa tano asubuhi. Mwalimu Mkuu yuko ofisini na fundi wa vyoo. Mwalimu anabisha, simu mkononi.)

MWALIMU: Hodi, Mwalimu Mkuu. Ile TPAD inafungwa kesho. Bado hujaniwekea alama za somo.

MWALIMU MKUU: Kweli. Ulifundisha nini vile?

MWALIMU: Hesabu, Gredi ya 5. Kugawanya.

MWALIMU MKUU: Ulifundisha vizuri?

MWALIMU: (Anacheka.) Si unanijua, Mwalimu Mkuu.

MWALIMU MKUU: Nakujua. Weka 78. Lakini zisifanane na za naibu, watasema mmenakili.

MWALIMU: Asante sana.

(Wote wamefurahi. Fundi anaendelea kueleza bei ya saruji.)

Simameni hapa kidogo. Katika igizo hili hakuna aliyegombana na mwenzake, hakuna aliyekula pesa ya mtu. Nani amepoteza?

Igizo la pili

(Siku nyingine. Walikubaliana tangu Ijumaa kwamba Mwalimu Mkuu atakuja kipindi cha pili Jumanne. Somo limekwisha. Wamekaa chini ya mti, mbali na chumba cha walimu.)

MWALIMU MKUU: Asante kunikaribisha, mwalimu. Kabla sijasema kitu, wewe mwenyewe umelionaje somo?

MWALIMU: Limekwenda tu vizuri. Wale wa mbele wamejibu.

MWALIMU MKUU: Ni kweli wamejibu. Na vile vizibo vya soda ulivyowapa wagawe vimenifurahisha, waliona kwa macho. Mimi nilikaa kule nyuma na wavulana watatu. Unawajua?

MWALIMU: Hao ni watoto wa ziwani, Mwalimu Mkuu. Leo wako, kesho wamekwenda kuvuta nyavu.

MWALIMU MKUU: Leo walikuwepo. Nimehesabu maswali 22 uliyouliza. Kule nyuma halikufika hata moja.

MWALIMU: (Kimya.) Nikiwauliza hawajibu. Na kipindi ni dakika 35.

MWALIMU MKUU: Dakika 35 ni chache, hilo sibishi. Tungefanyaje?

MWALIMU: Labda niwalete katikati. Na vizibo niwape wao ndio wagawie wenzao.

MWALIMU MKUU: Jaribu hivyo wiki hii. Nitarudi Jumanne ijayo, kipindi hicho hicho. Sitaangalia lingine, ni hao watatu tu.

MWALIMU: Na zile alama?

MWALIMU MKUU: Alama tutaandika. Leo tunaongea.

Angalieni alichofanya mwalimu mkuu huyu. Hakuja kwa kushtukiza. Alianza kwa kumwuliza mwalimu, na mwalimu akaanza kujihukumu mwenyewe. Alitaja jema moja la kweli, ambalo aliliona, si sifa za kupaka mafuta. Alikuwa na hesabu: maswali 22, nyuma sufuri. Huwezi kubishana na hesabu kama unavyobishana na mtu anayesema "wewe hufundishi vizuri." Mwalimu alipotoa sababu yake, hakumwambia anajitetea. Alichagua jambo moja tu la kubadilisha, akasema siku atakayorudi. Na tunadhani kurudi ndiko kugumu kuliko yote. Mwalimu mkuu anayeahidi Jumanne halafu haonekani amewafundisha walimu wake kwamba hata hili litapita.

Tena angalieni wale watoto watatu. Huku kwetu tunawajua. Mmoja yuko kwenye mtumbwi Karungu au Mbita, mwingine anachuja mchanga wa dhahabu huko Nyatike, mwingine anavuna tumbaku Kuria. Shule zilipofungwa, kwa madarasa mengi tangu Machi 2020 hadi Januari 2021, wengi walikwenda huko, na kuna ambao hawakurudi. Tunalaumu umaskini, na kweli umaskini upo. Lakini mtoto akija shuleni siku mbili kwa wiki na katika siku hizo mbili hakuna anayemwuliza swali, ziwa litamchukua mapema zaidi. Kule ziwani angalau kuna mtu anamwita kwa jina.

KUWAONGOZA WALIMU WALIOKUZIDI VYETI

Hapa tunagusa kidonda, na afadhali kukigusa waziwazi.

Walimu waliopelekwa JSS tangu Januari 2023 wengi wana digrii au diploma. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mara nyingi, aliingia ualimu na cheti cha P1, halafu wengine wakaendelea kusoma. Wengi wa hao vijana waliletwa kama walimu wa mafunzo kwa kandarasi, wakilipwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na katika shule nyingi mmoja au wawili walifundisha masomo yote. Mwaka 2024 waligoma kwa wiki kadhaa. Walimu kama 46,000 wakaajiriwa kwa kudumu kuanzia Januari 2025. Bado wengi wao wanasema JSS ijitegemee, isiwe chini ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Kuna shule tulizotembelea ambako walimu wa pande hizi mbili wana birika mbili za chai.

Je, mtu wa P1 anaweza kukaa nyuma ya darasa la sayansi la mwenye digrii, akamwambia kitu? Sisi tunaona anaweza, akijua mipaka yake. Hahitaji kumfundisha sayansi. Anaweza kuona nani ameulizwa na nani hakuulizwa, kama daftari zimesahihishwa, kama watoto walifanya jaribio au walinakili tu kutoka ubaoni. Hayo mtu aliyefundisha watoto miaka 20 anayaona haraka kuliko kijana aliyetoka chuoni. Kwa mambo ya somo lenyewe, amwombe mwalimu wa JSS wa shule jirani aje waangaliane: wewe kwangu wiki hii, mimi kwako wiki ijayo. Kwa shule yenye walimu wawili wa JSS, kuwachanganya na za jirani ni lazima.

Naye kijana mwenye digrii ana jambo la kufundisha wenzake. Wengi wanajua kompyuta, wanajua kupakia tathmini kwenye mtandao. Mwalimu mkuu mwenye busara humpa kijana huyo nafasi ya kuwaonyesha wakubwa, mbele ya wote, na kumshukuru. Mtu akishaheshimiwa kwa anachokijua, ni rahisi kukubali kuonyeshwa asichokijua.

Kwa nini tunasisitiza hili? Kwa sababu ya alama. Zamani mtihani mmoja uliamua. Sasa, mtoto anapotoka Gredi ya 9, asilimia 20 inatokana na tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 nyingine na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 na mtihani wa Gredi ya 9, ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Kwa alama hizo anapangiwa njia ya sekondari ya juu: sayansi na hesabu, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Basi mwalimu wa Gredi ya 7 anayejaza alama za kubuni kwa sababu hakufanya ile kazi ya vitendo, anaandika maisha ya mtoto bila kumwona. Ni igizo la kwanza lile lile. Mwalimu mkuu alibuni za mwalimu, mwalimu anabuni za mtoto.

NA SISI TULIO NJE YA DARASA

Jimbo la Homa Bay, lililotengwa kutoka Jimbo la Kisii mwaka 1993, linahudumia kaunti zote mbili, Homa Bay na Migori, na Kanisa ni mfadhili wa shule nyingi hapa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili nafasi: ana wajumbe 3 katika halmashauri ya shule, analea maisha ya kiroho, anasaidia kwa mali na majengo. Haimpi kuajiri wala kuhamisha walimu. Hiyo ni kazi ya TSC. Tunaeleza hili kwa sababu yametokea mahali mahali: mwalimu mkuu analetwa, watu wanafunga geti kwa kuwa si wa dhehebu lao au si wa ukoo wa pale. Watoto wanakaa nyumbani wiki nzima wakati wakubwa wanapigania ofisi ambayo mwenyewe hata hajafungua droo.

Tangu 2018 TSC ilihamisha walimu wakuu wengi nje ya kaunti zao, na baada ya 2022 wengi wakarudishwa. Katika pitapita hiyo tuliona kwamba pale ambapo mwalimu mkuu peke yake ndiye aliyekuwa akitembelea madarasa, siku aliyopakia godoro lake kwenye pikapu, desturi hiyo nayo ilipanda pikapu. Pale ambapo naibu, mwalimu mwandamizi na wakuu wa idara nao walikuwa na zamu ya kutembeleana, iliendelea. Kwa hiyo halmashauri, mkimpata mwalimu mkuu mzuri, msimwachie peke yake.

Halmashauri inaweza kumsaidia kwa jambo dogo lisilohitaji mchango: muda. Hesabuni wiki yake. Jumatatu yuko benki Homa Bay, Jumanne ni fundi, Jumatano mkutano wa afisa, Alhamisi mzazi amekuja na polisi kwa sababu ya kesi ya mimba, Ijumaa ni mazishi, na huku kwetu mwalimu mkuu asipoonekana mazishini ni kosa kubwa. Darasani ataingia lini? Mnaweza kuamua, na kuandika katika kumbukumbu za mkutano, kwamba asubuhi mbili kwa wiki, hadi saa nne, mwalimu mkuu hapokei mgeni wala mjenzi. Mwenyekiti wa halmashauri awe wa kwanza kuiheshimu. Mkija, mngoje chini ya mti.

Wazazi nao waache kumpima mwalimu kwa ukali wake. Bado tunasikia mzazi akisema mwalimu fulani ni mzuri kwa sababu anachapa. Kuchapa kumekatazwa tangu 2001, na sheria ya 2013 ikarudia katazo hilo. Mwulize mtoto kitu kingine jioni: leo mwalimu alikuuliza nini? Akisema hakuulizwa, kesho mwulize tena. Baada ya wiki mbili utakuwa na habari ya kwenda nayo shuleni kwa adabu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Katika igizo la kwanza, nani amepoteza, na amepoteza nini?

Walimu mlio hapa: mara ya mwisho mtu alipoona somo lako, alikuambia nini? Ulifanya nini nalo?

Katika shule yetu, birika za chai ni ngapi?

Halmashauri: asubuhi zipi mbili zinafaa kwa mwalimu mkuu wetu, na nani atakaa getini kuwaeleza wageni?

Tajeni watoto watatu wa nyuma katika Gredi ya 5 ya shule yetu. Kama hakuna anayejua majina yao, mwalimu wa darasa aje nayo kwenye mkutano ujao.